Wakati wa Kupukuchua: Kumbukumbu za Nyumba ya Mwalimu, Izia, Sumbawanga

1.0 Utangulizi

Mwezi Juni mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini akiwa na tatizo la tafsiri. Alikuwa akitafsiri kumbukumbu za mwalimu mmoja wa shule wa huko Ulaya, mtu aliyeandika siku baada ya siku habari za darasa lake, mkewe na watoto wake, tangu majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi hadi theluji ya kwanza ilipoanguka. Tatizo lake lilikuwa jina la majira hayo. Wako wafasiri wanaotumia neno "vuli", na wako wanaosema "majira ya kupukutika majani". Neno la kwanza, alisema, linamletea msomaji mvua ambazo mwandishi hakuzitaja. La pili si jina bali ni maelezo. Aliniomba nimchagulie.

Sikumchagulia. Nilimwambia arudi nitakapotoka likizo, naye akaondoka akidhani kwamba mwalimu wake ana shughuli nyingi. Ukweli ni kwamba swali lake lilinirudisha katika nyumba ya mwalimu mwingine, yaani baba yangu mzazi, aliyefundisha shule ya msingi mjini Sumbawanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika majira ambayo kwetu nayo hayakuwa na jina la Kiswahili lililoyatosha.

Makala haya si ripoti ya utafiti. Ni kumbukumbu za mtu mmoja kuhusu nyumba moja na msimu mmoja. Hata hivyo yana hoja, nayo ni hii: mara nyingi kile ambacho sisi walimu wa lugha hukiita kosa ni utaratibu wa lugha nyingine unaoendelea kufanya kazi yake. Hoja yenyewe si ngeni. Wanaisimu wanaifahamu tangu S. Pit Corder alipochapisha makala yake mashuhuri kuhusu makosa ya wanaojifunza lugha mwaka 1967, na Larry Selinker akaiendeleza mwaka 1972. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi mtu anavyoweza kuifahamu hoja hiyo, akaifundisha, akaitungia mitihani, na bado asiione ilipokuwa imekaa nyumbani kwao, karibu na moto, ikipukuchua mahindi.

2.0 Majira ya Ufipa na Maneno ya Pwani

Uwanda wa juu wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya Mbizi. Izia, tulikoishi, siku hizi ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga. Nilipokuwa mtoto, mashamba yalianza hatua chache tu nyuma ya nyumba yetu. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Huanza Novemba na hukoma Aprili, au Mei ikiwa mwaka umeneemeka. Kisha hufuata ukavu wa miezi sita, na miezi ya mwanzo ya ukavu huo, hasa Juni na Julai, ina baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuisadiki mpaka imguse. Asubuhi maji ya mtungini huuma meno, na watoto huenda shuleni mikono wameikunjia kwapani.

Maneno ya Kiswahili ya majira yalizaliwa kwingine. Masika na vuli ni mvua mbili za Pwani, ile kubwa ya kuanzia Machi na ile ndogo ya kuanzia Oktoba. Kaskazi na kusi ni pepo za mabaharia kabla hazijawa majira ya mtu yeyote. Kipupwe ni baridi, lakini ni baridi ya watu wanaolala na madirisha wazi. Maneno hayo yalipopanda hadi Ufipa katika vitabu vya shule yalifika yakiwa kamili na yenye mamlaka, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuyafundisha kama yalivyo.

Nakumbuka somo hilo kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa darasa la nne, na mwalimu alikuwa baba yangu. Aliandika ubaoni: Taja majira manne ya mwaka. Sisi tulioishi Ufipa tulijua nyakati za kulima, za kupalilia, za kuamia ndege katika ulezi, za kuvuna, na za kuchoma majani makavu. Tulijibu masika, kipupwe, kiangazi na vuli, kama kitabu kilivyosema. Mtoto mmoja aliyeketi nyuma yangu alijibu: "Mavuno." Darasa lilicheka. Baba alimwambia, bila ukali, kwamba mavuno ni kazi, si majira, akampa alama ya kosa.

Siku hizo hizo shamba la shule lilikuwa likingoja kuvunwa. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kila shule ilitakiwa kuwa na shamba lake, na letu lilikuwa la mahindi na maharage. Kipindi kilipokwisha tulichukua magunia tukaenda shambani, yule mtoto wa "mavuno" akiwa mbele yetu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mikono myepesi kuliko sote.

3.0 Siku ya Mwalimu

Mwaka ninaouzungumzia ni 1979. Siku ya baba ilianza gizani. Mama alikuwa wa kwanza kuamka, naye aliwasha moto kwa magunzi ya mahindi yaliyosalia jioni iliyotangulia. Baba alinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo kilichochomekwa ukutani, akitumia sabuni kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba hakuna nyingine dukani, kwani huo ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera na wa uhaba wa karibu kila kitu. Alisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania kwa sauti ya chini ili betri zidumu. Tulikunywa uji wa ulezi. Kisha akapanda baiskeli yake, nami nikamfuata kwa miguu, kwa sababu hakutaka wanafunzi wengine waone mtoto wa mwalimu akipakiwa.

Alikuwa mwalimu wa daraja la C, aliyesoma darasa la nane na kisha miaka miwili ya chuo cha ualimu. Kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, iliyotokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, ilikuwa imejaza madarasa yetu hata watoto wengine wakaketi sakafuni. Alifundisha asubuhi darasa moja na baada ya adhuhuri jingine. Jioni aliweka shati lake la kazi msumarini, akavaa koti lililochakaa, akaenda shambani alikokuwa mama tangu asubuhi.

Mshahara wa mwalimu haukutosha kulisha nyumba, wala hakuna aliyetarajia utoshe. Rukwa ni mmojawapo wa mikoa minne ya nyanda za juu za kusini iliyosifika kwa kulisha nchi mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na nyumba yetu ilikuwa sehemu ndogo ya sifa hiyo. Mahindi tuliyavuna, tukayamenya, tukayaanika juu ya kichanja. Ulezi mama aliukata masuke kwa kisu kidogo, baadaye ukapurwa kwa fimbo. Baba alitenga magunia ya kuuza kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na fedha hizo ndizo zilizonunua sare zetu, daftari na mafuta ya taa.

Lakini kiini cha majira yale kilikuwa jioni. Baada ya kula tulikaa sote kuzunguka rundo la mahindi: baba, mama, bibi mzaa baba, dada zangu wawili na mimi. Tulipukuchua kwa vidole gumba. Mtu hutoboa mstari mmoja wa punje kwa ncha ya gunzi tupu, kisha mistari mingine hulegea yenyewe. Kazi hiyo haihitaji macho, kwa hiyo taa ilizimwa kuokoa mafuta, tukabaki na mwanga wa moto. Na hapo lugha ilibadilika. Mchana wote baba alikuwa mtu wa Kiswahili, na Kiswahili cha redio hasa. Jioni, mikono ikiwa katika mahindi, alizungumza Kifipa na mama yake na mke wake, akacheka kwa namna ambayo darasani sikupata kuiona. Bibi alisimulia hadithi. Sisi watoto tulikatazwa kuitumia lugha hiyo shuleni, na hapo nyumbani hakuna aliyetukataza chochote.

Mwanafunzi wangu angependa kujua kwamba "kupukutika" kwa majani na "kupukuchua" kwa mahindi ni vitenzi vinavyosikika kama ndugu. Sitadai hapa unasaba wao. Nataja tu kwamba maana zao zinakutana. Katika vyote viwili kitu kilichoshikamana kinaachia. Tofauti ni kwamba majani huanguka yenyewe, lakini mahindi yanahitaji watu wa kukaa pamoja.

4.0 Daftari la Makosa

Baba alikuwa na daftari ambalo juu yake aliandika kwa herufi kubwa: MAKOSA. Halikuwa la kuadhibia. Aliamini kwamba mwalimu mwema hana budi kuyajua makosa ya wanafunzi wake kama mkulima anavyoyajua magugu ya shamba lake, na kila Ijumaa aliandika yale aliyoyasikia au kuyasoma juma zima. Alipofariki mwaka 2009, daftari hilo lilikutwa katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyake, nami nikaruhusiwa kulichukua.

Limegawanywa katika safu mbili, kosa na sahihi. Kurasa za Aprili na Mei 1979 zimejaa mifano kama hii: "masiwa" kwa "maziwa", "sawadi" kwa "zawadi", "msee" kwa "mzee", "kasi" kwa "kazi". Mahali pamoja ameandika sentensi nzima ya mtoto, "Tumeleta sana za kilimo", na pembeni yake, kwa wino mwekundu: zana. Iko pia mifano ya /l/ na /r/ kubadilishana nafasi, lakini hiyo haishangazi, maana huonekana kwa wasemaji wa lugha nyingi za Kibantu. Ni kikwamizo ghuna /z/ kinachostahili kutazamwa.

Mwanaisimu yeyote atakayelisoma daftari hili ataona mara moja asichokiona mwandishi wake. Makosa haya si ya hovyo. Kila mahali Kiswahili kinapotaka /z/, mtoto anatoa /s/; hakuna, katika kurasa hizo mbili za mwanzo, mahali ambapo /s/ inageuzwa kuwa /z/. Sababu iko katika Kifipa, lugha ambayo Malcolm Guthrie aliipa namba M13 katika uainishaji wake. Mtu anaweza kuisoma sababu hiyo hata katika majina ya mahali. Kijiji cha kale kinachotajwa katika simulizi za asili za utawala wa Wafipa huandikwa leo Milanzi katika nyaraka za serikali. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikiandika Milansi, kwa sababu ndivyo alivyokisikia. Watoto wa darasa la baba walikuwa wakitamka Kiswahili kwa masikio yale yale yaliyotamka Milansi.

Kurasa za mwisho wa Mei na za Juni zinaonyesha jambo jingine. Baada ya majuma kadhaa ya kusahihishwa, yanaanza kuingia maneno kama "zahani" kwa "sahani" na "zabuni" kwa "sabuni". Baba ameandika kando: Wanazidi kuharibika. Hawakuwa wanaharibika. Walikuwa wamekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba /s/ yao ni mbaya, na sasa waliitupa hata ilipokuwa sahihi. Huo ni usahihishaji uliopita kiasi, jambo linalojulikana sana katika isimujamii. Mtoto anayesema "zahani" anatuambia kwamba anaijua kanuni na kwamba anaogopa.

5.0 Sabasaba, 1979

Daftari linakoma juma la kwanza la Julai. Kurasa zilizobaki zina hesabu za magunia. Kwa miaka mingi sikuwaza sana kuhusu kukoma huko, ingawa nilikuwapo.

Tarehe 7 Julai 1979 ilikuwa Jumamosi, sikukuu ya Sabasaba, siku ya wakulima. Baada ya mkutano na ngoma mjini, baba alikuja nyumbani na wageni watatu: walimu wenzake wawili na afisa mmoja wa elimu ambaye sote tulimwogopa. Waliketi barazani. Mama alikuwa amesoma madarasa mawili tu katika shule ya misheni, lakini alikuwa mwenyeji hodari, na alikuwa ametayarisha maziwa ya mgando kwa ajili yao. Alitoka na kibuyu na vikombe, akapiga goti kidogo kama desturi inavyotaka, akasema kwa Kiswahili, kwa heshima ya wageni: "Karibuni masiwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na darasani mwangu nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua: "Si masiwa, Mama. Ni maziwa."

Wageni walicheka. Afisa wa elimu alisema kwamba mtoto huyu atafika mbali. Baba naye alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayesifiwa mbele ya mkubwa wake. Mama alitabasamu, akamaliza kumimina, akaingia ndani. Sikumbuki kwamba alionyesha hasira yoyote. Nakumbuka tu kwamba jioni ile, wakati wa kupukuchua, hakuna aliyesimulia hadithi, na kwamba nilidhani ni kwa sababu watu walikuwa wamechoka.

Tangu siku hiyo mama hakupata tena kuzungumza Kiswahili mbele ya wageni wa baba. Walipokuja alisalimu kwa mikono, akatutuma sisi kuuliza kama watakunywa chai. Sokoni alikizungumza bila shida, na pia na majirani waliotoka mikoa mingine. Barazani kwake mwenyewe alinyamaza. Jambo hili sikuliona kwa muda mrefu, kwa maana mtoto huona kile kinachosemwa, si kile kilichoachwa kusemwa.

6.0 Makosa Katika Mihadhara

Nilifika mbali, kama afisa yule alivyotabiri. Nilisafiri kwa basi kutoka Sumbawanga hadi Tunduma siku nzima, kabla lami haijafika katika miaka ya 2010, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Nilisoma isimu. Niliisoma nadharia ya uchanganuzi linganishi iliyotolewa na Robert Lado mwaka 1957, kwamba matatizo ya mwanafunzi yanaweza kutabiriwa kwa kulinganisha lugha yake na ile anayojifunza. Nilisoma jinsi nadharia hiyo ilivyokosolewa. Niliandika tasnifu yangu ya uzamivu.

Nami nilipoanza kufundisha, nilihitaji mfano wa athari za lugha ya kwanza katika matamshi ya Kiswahili, nikautumia huu: "Karibuni masiwa." Sikusema nimeutoa wapi. Nilisema ni mfano kutoka Rukwa. Wanafunzi walicheka kila mwaka, na kila mwaka nilisubiri kicheko chao kabla ya kuendelea, kwa sababu darasa lililocheka husikiliza vizuri zaidi. Kisha nilieleza kwa ustadi kwamba hilo si kosa la hovyo bali ni matokeo ya mfumo. Waliandika maelezo hayo katika madaftari yao. Lakini walichokumbuka, nilipowakuta miaka baadaye, kilikuwa masiwa.

Nadhani wasomi wenzangu wanaielewa hali hii. Mfano wa kiisimu una watu ndani yake. Tunapouandika ubaoni tunamwondoa msemaji, mahali, na yule aliyekuwa akikaribishwa, tukabaki na fonimu. Mara nyingi hatuna budi kufanya hivyo, la sivyo hakuna sayansi. Hata hivyo yafaa mtu ajue anamwondoa nani.

7.0 Izia, Julai Mwaka Jana

Likizo hiyo nilikwenda nyumbani. Mama ana umri unaokaribia miaka 80 na bado anaishi Izia katika nyumba ile ile, ingawa mashamba yaliyoanzia nyuma yake sasa yamejaa nyumba, na shamba lake liko nje ya mji. Siku hizi mahindi hupukuchuliwa kwa mashine ya kukodi inayopita nyumba kwa nyumba, na kazi iliyotuchukua majuma sita humalizika kabla ya chai kupoa. Lakini mahindi ya mbegu mama bado huyapukuchua kwa mkono. Huchagua masuke mazuri, huacha punje za ncha na za kitako, na huchukua zile za katikati tu, zilizo kubwa na za kulingana.

Tulikuwa tukifanya kazi hiyo tarehe 7 Julai. Tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe hiyo ya Sabasaba imekuwa pia sikukuu ya taaluma yangu, na katika redio ya jirani watu walikuwa wakikisifu Kiswahili kwa maneno mazuri ambayo nami nimewahi kuyasema majukwaani. Nilimuuliza mama kama anakumbuka siku ile ya wageni na maziwa.

Alisema hakumbuki maziwa. Wageni walikuwa wengi miaka ile, na maziwa yalikuwa mengi. Alichokumbuka ni daftari.

"Usiku ule nilimwambia Mwalimu," alisema, "kama makosa ndiyo hayo, aniandike na mimi. Na mama yake amwandike. Nikamletea na kalamu."

Nilimuuliza baba alijibu nini.

"Hakujibu. Alilifunga. Kesho yake akaanza kuandikia magunia."

Aliyasema hayo kwa Kifipa, na aliyasema akiendelea kuchagua punje. Kisha akaniuliza kama wajukuu zake wa Dar es Salaam wanakula vizuri. Nilimjibu kwa Kifipa changu, ambacho baada ya miaka mingi ya mjini kimekuwa kibovu. Kifipa ni lugha ya toni, na toni ndizo zinazonitoka kwanza. Nasikia mwenyewe zinavyoanguka mahali pasipostahili. Palikuwa na jirani wawili pale, wanawake wa rika lake, nao walitazamana. Watoto wangu hawana hata hicho kibovu. Nilikosea neno, nikajua nimekosea, nikasubiri.

Mama hakunisahihisha. Alijibu kile nilichokuwa nimekusudia kusema, kwa neno lililo sahihi, bila kulikazia, kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka na kukiweka mahali pake huku mazungumzo yakiendelea.

8.0 Hitimisho

Ningeweza kuhitimisha kwa mapendekezo kuhusu sera ya lugha, nayo si machache. Tanzania ilifanya vyema kuwa na lugha moja ya taifa, na mimi ni mmoja wa waliofaidika nayo. Bila Kiswahili, mtoto wa Izia asingeandika katika jarida hili. Pia ni kweli kwamba lugha kama Kifipa hazikupewa nafasi shuleni, na kwamba gharama yake ililipwa ndani ya nyumba, mara nyingi na wanawake. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa pamoja, na makala mafupi hayawezi kuyapatanisha.

Kwa wanafunzi wa uzamili wanaosoma makala haya, nina ombi dogo la kiutaratibu. Mnapokusanya makosa, andikeni na mazingira yake: nani alisema, kwa nani, wapi, na nani alicheka. Daftari la baba yangu lina data safi kabisa ya fonolojia, na kwa kuwa lina data safi tu, ningeweza kulisoma maisha yangu yote bila kujua kwa nini lilikoma. Sababu ilikuwa kwa mtu ambaye sikuwa nimemuuliza kwa miaka arobaini na zaidi.

Mimi nami nimeuondoa mfano ule katika mihadhara yangu. Au, kwa usahihi zaidi, nimeubakiza, lakini sasa naanza na kibuyu, goti lililopigwa na wageni barazani, na ninapofika kwenye neno lenyewe wanafunzi kwa kawaida hawacheki.

Yule mwanafunzi wa tafsiri alirudi mwezi Agosti. Nilimwambia kwamba kwa mwalimu wake wa Ulaya "majira ya kupukutika majani" yatafaa, hata kama ni maelezo, kwa sababu mtu yule alikuwa akitazama miti, na mfasiri hana haki ya kumwondolea miti yake. Akaniuliza, kwa utani, ningeyaitaje kama mwalimu huyo angekuwa wa kwetu. Nilimwambia ningeyaita wakati wa kupukuchua. Alisema kwamba hiyo ni kazi, si majira. Nilimwambia kwamba jibu hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, na kwamba yule mtoto aliyepewa alama ya kosa alikuwa sahihi.